Kitambaa cha Nyundo

Shuleni kwetu Cimpunda kengele ni ringi ya lori
iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mkaratusi,
na mlinzi huigonga kana kwamba anaidai.
Ngaa! Na mwanangu Aganze yuko chini,
mikono masikioni, paji la uso kwenye simenti.
Darasa zima linacheka, kisha linazoea.
Kuzoea kule ndiko kulikoniuma zaidi.

"Mama, mrudishe mwezi ujao, akitulia."
Nikamrudisha mwezi ujao.
Hakutulia. Mwezi nao haukutulia, ukapita.

Mimi nauza sambaza sokoni Kadutu.
Najua kupima kwa kopo na kuongeza kiganja;
maneno ya ofisini siyajui.
Neno usonji nilipewa na muuguzi siku ya mvua,
nikapanda nalo ngazi za udongo hadi nyumbani,
nikilirudiarudia nisije nikalidondosha.

Halafu nikapeleka sare kwa Ntakwinja, fundi cherehani,
aitoe lebo ya shingoni,
maana lebo humwasha Aganze kama upupu.
Ntakwinja hakuniuliza kwa nini.
Alifungua droo: imejaa lebo.
"Hizi za binti yangu. Hii ya mtoto wa fundi redio.
Hizi mbili za wale pacha wa Bagira."
Nikakaa kwenye kigoda.
Nilidhani niko peke yangu chini ya jua,
kumbe tulikuwa droo nzima.

Jumamosi tukakutana wanne. Iliyofuata, saba.
Mama Cibalonza akaja na daftari.
Tukaulizana: wewe uliambiwaje?
Mwezi ujao, akitulia.
Na wewe?
Mwezi ujao, akitulia.
Panzi, Bagira, Nyawera, sentensi ile ile,
noti moja chakavu iliyopita mikononi mwetu sote
na hakuna duka linaloipokea.

Tuligombana pia, nisifiche.
Mmoja alitaka shule ya peke yao, mbali, yenye ukuta.
Mmoja alitaja mganga.
Baba Murhula alilia, akaomba radhi, akatoka;
tulidhani hatarudi, akarudi na chai ya watu wote.
Mvua zilipokatika tulikuwa na ombi moja tu,
dogo kiasi cha kuaibisha:
kengele.

Tukaenda kumi na mmoja.
Ofisi ya direkta ina viti vitatu.
Tukasimama wote, viti vikabaki vikitutazama.
"Chagueni mmoja aseme," akasema.
Cibalonza akasoma mstari wa kwanza, akampa daftari jirani,
naye akasoma wa pili, naye wa tatu akapokea,
asipatikane wa kuambiwa: nimekuelewa mama, nenda.
Mstari wa tisa ulikuwa wangu:
Mwanangu si mkaidi. Anasikia kuliko sisi.
Vidole vyangu viliacha harufu ya sambaza kwenye karatasi.

Direkta akatazama dirishani.
Akasema ya inspekta, akasema ya minervali,
akasema darasa moja lina watoto sitini na wanane.
Ni kweli. Nami nimewahesabu.
Akasema kengele haiwezi kuondolewa.

Ntakwinja akaingiza mkono kwenye kikapu,
akatoa kifuko cha kikwembe alichokwisha kushona,
kimejaa matambara, kina kamba,
saizi ya kichwa cha nyundo.
"Hatujasema iondolewe."

Jumatatu nilisimama nje ya uzio, beseni kichwani.
Mlinzi akainua mkono.
Du.
Kama mtu anayebisha kwa rafiki.
Aganze akaziba masikio, akazibua, akaziba tena,
kisha akarudi kwenye vizibo vyake vya soda:
chekundu, chekundu, buluu.

Pacha wa Bagira bado wako nyumbani.
Mwalimu wa darasa la tatu bado ana fimbo.
Na kikwembe kile kitachanika kabla ya Pasaka,
sijui mlinzi ana hasira na nani.
Ntakwinja ameshakata kingine,
na daftari limepata mstari wa kumi na mbili.